Karo ya uuguzi: Njia za kupata fedha hadi siku ya kuhitimu

BARUA ya kuitwa chuoni kusomea uuguzi hupokewa kwa vigelegele katika nyumba nyingi humu nchini. Shangwe hizo hudumu hadi ukurasa wa pili unapofunguliwa na orodha ya karo kusomwa. Hapo ndipo mzazi huanza kuhesabu ng'ombe waliomo zizini, nao jamaa na majirani huitwa kwa mchango.

Fedha za muhula wa kwanza aghalabu hupatikana. Ugumu huja baadaye. Kufikia mwaka wa pili ng'ombe wameuzwa, waliochanga wamechoka, na mwanafunzi huzuiwa kufanya mtihani kwa sababu ya malimbikizo ya karo. Kozi iliyoachwa katikati haimpi mtu cheti wala leseni, na fedha zilizokwisha kutumika huwa zimepotea.

Kwa sababu hiyo, swali linalomkabili mzazi si namna ya kupata karo ya kuripoti chuoni tu, bali jinsi ya kugharamia miaka yote mitatu ya stashahada au minne ya shahada. Ni nadra mfuko mmoja kutosha. Inafaa familia iunganishe fedha kutoka sehemu kadhaa, tena kwa mpangilio: kwanza fedha zisizorudishwa, pili mkopo wa riba nafuu, na mwisho kabisa mikopo ya kibiashara na uuzaji wa mali.

Hali ilivyobadilika

Chuo cha Mafunzo ya Kimatibabu nchini, KMTC, ndicho kinachotoa mafunzo kwa sehemu kubwa ya wauguzi wa ngazi ya stashahada. Kilianza mwaka wa 1927 jijini Nairobi na sasa kina matawi zaidi ya 70 kote nchini. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, serikali ilibeba sehemu kubwa ya gharama za kuwafunza wauguzi, na aliyehitimu alitarajia kuajiriwa mara moja. Sera za kugawana gharama zilizoanza kutekelezwa katika miaka ya 1980 na 1990 zilimwachia mzazi mzigo huo, huku nafasi za kazi serikalini zikipungua.

Mikopo ya masomo nayo ina historia yake. Hazina ya kwanza ilianzishwa mwaka wa 1952, wakati wa ukoloni, kuwasaidia waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Mwaka wa 1974 serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu, na mwaka wa 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Kwa muda mrefu mikopo hiyo ilikuwa ya wanafunzi wa vyuo vikuu pekee. Wanafunzi wa vyuo vya kadri, wakiwemo wauguzi wa stashahada, walianza kufikiriwa baadaye sana.

Gharama yenyewe

Karo iliyoandikwa katika barua ya chuo ni sehemu tu ya gharama. Mwanafunzi wa uuguzi huhitaji sare, viatu vya zamu, saa yenye mshale wa sekunde, stethoskopu na vitabu. Hulipa ada ya kuandikishwa na Baraza la Wauguzi nchini akiwa mwanafunzi na, mwishoni mwa masomo, ada ya mtihani wa leseni. Anapotumwa kwenye hospitali na vituo vya afya kwa mafunzo ya vitendo, huenda akahitaji nauli na kodi ya chumba mbali na chuo.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalitambui mapema. Mwanafunzi wa kozi nyingine huweza kufanya vibarua wakati wa likizo au jioni ili kujikimu. Yule wa uuguzi huwa wodini kwa zamu, wakati mwingine usiku, na likizo zake ni fupi. Hivyo basi, fedha za chakula na malazi lazima zipangwe tangu mwanzo.

Njia rahisi ya kupanga ni kuandika karo ya kila mwaka wa kozi, kuongeza matumizi ya kila mwezi na ada za mitihani, kisha kutoa kila fedha ambazo zina uhakika wa kupatikana. Kinachosalia ndilo pengo. Familia inayolijua pengo lake kabla ya siku ya kuripoti huwa na muda wa kutafuta. Inayoligundua katika mwaka wa pili hulazimika kukopa popote.

Chuo kwanza, fedha baadaye

Kabla ya kuomba senti yoyote, mwombaji anapaswa kuhakikisha kwamba chuo alichokichagua kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi. Baraza hilo huongozwa na Sheria ya Wauguzi na Wakunga, na ndilo linaloidhinisha vyuo, kuwasajili wanafunzi na kutoa leseni. Mtu aliyesomea chuo kisichotambuliwa hawezi kufanya mtihani wa leseni, hata akilipa karo yote. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa hupatikana kwa baraza lenyewe, nayo yapasa kulinganishwa na kozi inayotajwa katika barua, kwa kuwa chuo chaweza kuwa na kibali cha kozi moja na kikakosa cha nyingine.

Kwa kawaida, anayetaka stashahada huhitaji gredi ya wastani ya C katika mtihani wa KCSE, naye anayetaka shahada huhitaji C+, pamoja na alama zinazotakiwa katika masomo mahususi kama vile Biolojia na Kiingereza au Kiswahili. Maombi ya nafasi za KMTC hupitia KUCCPS, asasi ya serikali inayowateua wanafunzi wa kujiunga na vyuo. Yeyote anayedai kwamba anaweza kuuza nafasi kwa njia ya mkato anafaa kuepukwa. Kila mara wapo wazazi wanaopoteza karo kwa matapeli kabla ya masomo kuanza.

Uteuzi wa KUCCPS una uzito mwingine wa kifedha. Kwa upande wa shahada, ufadhili wa serikali umetengewa wanafunzi walioteuliwa na asasi hiyo kwenda vyuo vikuu vya umma. Anayejiunga na chuo kikuu cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, lakini asitarajie ufadhili huo.

Shahada: Ufadhili na mkopo

Mwezi wa Mei 2023 serikali ilitangaza mfumo mpya wa kufadhili masomo ya vyuo vikuu. Badala ya kila mwanafunzi wa chuo cha umma kupata ruzuku sawa, familia hupimwa uwezo wake na mwanafunzi kuwekwa katika kundi. Sehemu ya karo hulipwa kwa ufadhili usiorudishwa kupitia Hazina ya Vyuo Vikuu, sehemu nyingine huwa mkopo wa HELB, na inayosalia hulipwa na mzazi.

Makundi yaliyotumika kuanzia mwaka wa 2024 ni matano. Katika kundi la kwanza, la wahitaji zaidi, ufadhili ni asilimia 70, mkopo asilimia 25 na mzazi asilimia 5. Katika kundi la tano, ufadhili ni asilimia 30, mkopo asilimia 30 na mzazi asilimia 40. Zaidi ya hayo, mwanafunzi hupata mkopo wa kujikimu wa kati ya Sh40,000 na Sh60,000 kwa mwaka, kulingana na kundi lake.

Mfano utaonyesha tofauti iliyopo. Tuseme kozi inagharimu Sh200,000 kwa mwaka. Mzazi wa mwanafunzi wa kundi la kwanza atalipa Sh10,000. Wa kundi la tano atalipa Sh80,000. Kwa miaka minne, mmoja atakuwa ametoa Sh40,000 na mwingine Sh320,000. Kosa moja katika fomu, kama vile kutotaja kwamba mzazi mmoja amefariki au kwamba nduguze wengine wako shuleni, laweza kuigharimu familia mamia ya maelfu ya shilingi. Aliyewekwa katika kundi lisilomfaa anapaswa kukata rufaa mara moja kupitia tovuti aliyotumia kuomba, akiambatisha ushahidi.

Mfumo huo umepingwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba unakiuka Katiba, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Viwango vya karo vya vyuo vikuu vya umma navyo vilipunguzwa mwaka wa 2025. Ni busara, basi, kwa mwombaji kusoma masharti ya mwaka wake badala ya kutegemea yaliyomfaa dada yake miaka miwili iliyopita.

Stashahada: Mkopo wa HELB

Mwanafunzi wa KMTC hayumo katika Hazina ya Vyuo Vikuu. Tegemeo lake kuu ni mkopo wa HELB. Mlango huo ulifunguliwa hasa mwanzoni mwa miaka ya 2010, pale bodi hiyo, Wizara ya Afya na washirika wao walipoanzisha Hazina ya Afya Elimu kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vya kadri vya afya. Nia ilikuwa kwamba fedha zinazolipwa na waliohitimu ziwasomeshe wanaofuata.

Mwombaji wa mkopo huhitaji kitambulisho cha kitaifa, nambari ya PIN ya Mamlaka ya Ushuru, barua ya kuitwa chuoni, simu iliyosajiliwa kwa jina lake, akaunti ya benki na wadhamini wawili. Hutakiwa pia kutoa nambari za vitambulisho vya wazazi au, kwa yatima, vyeti vya kifo. Yafaa stakabadhi hizi zitafutwe mara tu mtihani wa kidato cha nne unapomalizika, kwa kuwa kitambulisho au cheti cha kifo chaweza kuchukua wiki nyingi kupatikana, na tarehe ya mwisho ya maombi haimngojei mtu.

Mkopo huombwa upya kila mwaka wa masomo. Wanafunzi wengi hupata mkopo wa mwaka wa kwanza, wakadhani wa pili utakuja wenyewe, na wakashtukia akaunti zikiwa tupu. Hili ni miongoni mwa makosa ambayo hayahitaji fedha kurekebishwa. Yahitaji kalenda tu.

Basari za umma

Basari ni fedha zisizorudishwa, na kwa hivyo zapasa kuombwa kabla ya mkopo wowote wa kibiashara. Kwa kawaida huwa ndogo, lakini ikiwa zinatoka sehemu tatu au nne zaweza kuziba pengo la muhula mzima.

Inayojulikana zaidi ni ile ya Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge, iliyoanza kwa sheria ya mwaka wa 2003 na kufanyiwa mageuzi mwaka wa 2015 ikaitwa NG-CDF. Mwombaji huchukua fomu katika ofisi ya eneobunge, huipeleka kwa chifu au naibu wake na kwa chuo ili itiwe mhuri, kisha huirudisha pamoja na orodha ya karo. Hundi huandikwa kwa jina la chuo. Hata hivyo, Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba na ikaweka Juni 30, 2026 kuwa kikomo chake, na suala hilo likapelekwa katika Mahakama ya Rufaa. Familia isijenge mpango wa miaka mitatu juu ya nguzo hiyo peke yake.

Serikali za kaunti nazo zina basari, zinazotolewa kupitia wadi. Zilikumbwa na utata Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti alipoagiza kwamba kaunti zisilipe basari bila maafikiano rasmi na serikali kuu, kwa kuwa elimu ya juu si jukumu la kaunti. Suala hilo lilifikishwa mahakamani. Mzazi anapaswa kuuliza katika ofisi ya wadi kama fomu za mwaka zimetolewa na ni lini fedha hulipwa, kwa maana hundi inayofika baada ya mtihani haimsaidii aliyezuiwa kuufanya.

Hazina inayosimamiwa na afisi za wabunge wawakilishi wa wanawake, NGAAF, hutoa basari kwa makundi yaliyotengwa. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huwasaidia wanafunzi walemavu waliosajiliwa nalo. Makanisa, misikiti na wakfu za kampuni hutoa ufadhili pia, ingawa nafasi ni chache na waombaji ni wengi.

Siri ya basari ni kuomba kila mwaka na kuhifadhi nakala. Mwombaji aliyeandaa faili yenye barua ya chuo, orodha ya karo, matokeo ya mtihani wa mwisho, kitambulisho na barua ya chifu hujaza fomu mpya kwa siku moja. Asiye na faili huzunguka wiki mbili na kukuta dirisha limefungwa.

Hospitali na waajiri

Vyuo kadhaa vya uuguzi vimeambatanishwa na hospitali za kimisheni, kama vile Tumutumu, Chogoria, Kijabe na Tenwek. Hospitali za aina hii, na baadhi ya kaunti zenye uhaba wa wauguzi, huweza kumgharamia mwanafunzi kwa mkataba kwamba atawatumikia kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Mpango kama huo humwondolea mtu deni na kumpa kazi kwa pamoja. Kabla ya kutia sahihi, hata hivyo, yafaa asome mambo matatu: idadi ya miaka atakayotumikia, mshahara atakaolipwa katika miaka hiyo, na kiasi atakachorudisha akiondoka mapema.

Njia nyingine ni kupanda ngazi ukiwa kazini. Mwaka wa 2005 shirika la Amref, likishirikiana na Baraza la Wauguzi, KMTC na kampuni ya Accenture, lilianzisha mafunzo kwa njia ya kompyuta ili wauguzi wenye cheti wapate stashahada bila kuacha kazi. Tangu wakati huo vyuo kadhaa vimeanzisha masomo ya aina hiyo. Kijana aliyeitwa kusomea shahada lakini familia yake haina uwezo anaweza kuchukua stashahada ya miaka mitatu, akaajiriwa, kisha akajilipia shahada kwa mshahara wake. Safari ni ndefu zaidi, lakini haivunji nyumba.

Vyuo vikuu vingine, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kenyatta, vina mpango wa kuwalipa wanafunzi wahitaji kwa kazi ndogo ndogo chuoni. Kwa sababu ya zamu za wodini, mwanafunzi wa uuguzi atafute kazi yenye saa zinazobadilika.

Sacco, chama na mikopo ya simu

Pengo likisalia baada ya hayo yote, chama cha ushirika cha akiba na mikopo, yaani sacco, ndicho cha kufikiriwa kwanza. Sacco nyingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, na zina mkopo maalumu wa karo. Sharti ni kwamba mzazi awe ameweka akiba mapema. Anayejiunga leo kwa sababu barua ya chuo imefika jana hawezi kukopeshwa kesho.

Chama cha kina mama na mchango wa kijiji vina nafasi yake, hasa kwa gharama za mwanzo kama vile sare na vifaa. Ni vyema fedha za mchango zilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo. Kilichochangwa kwa ajili ya karo kisipite mikononi mwa watu wengi.

Mikopo ya simu haifai kulipia karo. Hutakiwa kulipwa baada ya wiki chache, ilhali masomo huchukua miaka. Mwenye kuikopa kila muhula hujikuta akikopa wa pili kulipa wa kwanza. Benki Kuu imekuwa ikizipa leseni kampuni hizi tangu mwaka wa 2022, lakini leseni haipunguzi uzito wa riba.

Dawa ya deni

Riba ya mkopo wa HELB kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza na wa vyuo vya kadri ni asilimia 4 kwa mwaka, kiwango kilicho chini sana ya kile cha benki. Malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Aliyeajiriwa hukatwa mshahara, na asiye na ajira rasmi hulipa mwenyewe kwa simu au benki.

Hatari imo katika kunyamaza. Kwa miaka mingi bodi hiyo imekuwa ikitoza faini ya Sh5,000 kwa kila mwezi ambao mdaiwa hajalipa, na suala la faini hizo limewahi kufikishwa mahakamani. Deni la Sh150,000 huzaa riba ya Sh6,000 kwa mwaka. Faini ya miezi 12 ni Sh60,000, mara kumi ya riba. Mdaiwa huweza pia kuorodheshwa kwa taasisi za kukagua rekodi za wakopaji, akanyimwa mikopo mingine.

Jambo hili ni zito kwa wauguzi kwa kuwa ajira haiji mara moja. Wenye shahada husubiri nafasi ya mafunzo ya mwaka mmoja hospitalini, na wengi wa stashahada hukaa muda mrefu wakifanya kazi za mikataba. Wapo wanaoweka matumaini katika ajira ya ng'ambo, hasa baada ya Kenya kutia sahihi mkataba wa wahudumu wa afya na Uingereza mwaka wa 2021. Lakini safari hiyo hudai leseni, tajriba na mitihani yenye gharama yake, na haiwezi kuwa mpango wa kwanza wa kulipa deni. Aliyekosa kazi anapaswa kuiandikia bodi mapema, aeleze hali yake na kuomba utaratibu wa kulipa kidogo kidogo.

Mpangilio kwa ufupi

Kwa mzazi aliye na barua mkononi, hatua zifuatane hivi. Athibitishe kibali cha chuo. Aandike gharama ya kozi nzima. Mwanawe aombe mkopo wa HELB, na ufadhili pia ikiwa ni wa shahada, mara dirisha linapofunguliwa. Fomu za basari za eneobunge, kaunti na mashirika zijazwe katika mwezi huo huo. Aende kwa msimamizi wa fedha wa chuo na kuomba kulipa kwa awamu, tena kwa maandishi, kabla ya siku ya kuripoti. Kisha aangalie akiba yake ya sacco.

Shamba na mifugo viwe vya mwisho katika orodha hiyo. Ng'ombe anayekamwa huweza kulipia matumizi ya mwezi baada ya mwezi kwa miaka mitatu. Akiuzwa, hulipa muhula mmoja.